Kwa nini degedege la mtoto mchanga hukaidi dawa

Mtoto wa siku mbili hapati degedege kwa namna mtu mzima anavyopata kifafa. Haanguki, hakakamai mwili mzima, hatokwi povu. Mara nyingi macho yanakodoka upande mmoja na kuganda hapo, midomo inachezacheza kama ananyonya ilhali hana titi mdomoni, au miguu inapiga kama ya mtu anayeendesha baiskeli. Wakati mwingine anaacha tu kupumua kwa sekunde kadhaa na midomo inabadilika rangi. Mgeni aliyekuja kumtazama mzazi anaweza kudhani mtoto anaota. Muuguzi mzoefu wa wodi ya watoto wachanga hadhani hivyo. Anahakikisha mtoto anapumua, anampima sukari, anamwita daktari, na ikionekana ni degedege kweli mtoto anapewa fenobabitoni kwenye mshipa, kwa kawaida miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake.

Dawa hii ni ya zamani. Uwezo wake wa kuzuia kifafa ulitambuliwa Ujerumani mwaka 1912 na daktari Alfred Hauptmann, na kwa kuwa ni ya bei nafuu, imebaki kuwa tegemeo la hospitali nyingi hadi leo. Ila kwa mtoto mchanga mambo yake hayatabiriki. Jaribio moja lililochapishwa Marekani mwaka 1999 lilihusisha watoto wachanga 59. Kati ya walioanzishiwa fenobabitoni, degedege lilidhibitiwa kwa asilimia 43, na kati ya walioanzishiwa fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, asilimia 45. Maana yake zaidi ya nusu waliendelea na degedege baada ya dawa ya kwanza, na hao walikuwa katika hospitali zenye vifaa vyote.

Sababu moja haihitaji maelezo marefu. Degedege la siku za kwanza huja kwa sababu ubongo umeumizwa: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, damu imevuja kichwani, amepata homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka mno. Ubongo ulioumia hautulii kirahisi katika umri wowote. Lakini kuna sababu ya pili ambayo watafiti wameifuatilia kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo imo katika utando wa seli za ubongo. Fenobabitoni inafanya kazi kwa kuegemea protini fulani zilizopachikwa kwenye utando huo. Siku mtoto anapozaliwa, protini hizo bado hazijapangwa kama zilivyopangwa kwa mama yake.

Utando na milango yake

Seli ya neva imefunikwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita chache tu. Ndani na nje ya utando kuna maji yenye chumvi, na chumvi ikishayeyuka majini inakuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu, potasiamu na kalsiamu zina chaji chanya, kloridi ina chaji hasi. Ioni haziwezi kupenya mafuta. Zikipita, zinapita kwenye protini, na protini hizo ni za aina nyingi. Zipo zilizo kama milango, zinafunguka na kufunga. Zipo za kusafirisha, ambazo hubeba ioni toka upande mmoja hadi mwingine. Zipo vipokezi, ambavyo husubiri kemikali kutoka seli jirani, na vingine kati ya vipokezi hivyo vina mlango ndani yake vyenyewe.

Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi wa karibu milivolti 70 kuliko nje. Chaji chanya zikiingia, pengo hilo linapungua, na likifika kiwango fulani seli inalipuka kwa umeme na kupeleka ujumbe mbele. Chaji hasi zikiingia, pengo linaongezeka na seli inakuwa ngumu kuamshwa. Degedege ni pale ambapo seli nyingi mno zinalipuka kwa pamoja, tena na tena, bila kitu cha kuzizuia.

Kazi ya kuzuia, katika ubongo wa mtu mzima, inafanywa zaidi na kemikali iitwayo GABA, iliyotambuliwa katika ubongo mwaka 1950 na Eugene Roberts na wenzake. GABA inatua kwenye kipokezi chake chenye vipande vitano vya protini vilivyopangwa kwa duara, na katikati ya duara kuna tundu. GABA ikishika, tundu linafunguka na kloridi inapita. Fenobabitoni haifungui tundu hilo kwa nguvu zake katika kipimo cha kawaida. Inachofanya ni kulifanya likae wazi kwa muda mrefu zaidi kila GABA inapolifungua. Diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, nayo inategemea kipokezi hichohicho, ila yenyewe hulifanya lifunguke mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo penye utata wote. Dawa inashika mlango. Haiamui kloridi ipite kuelekea wapi.

Aliyewahi kusimama kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Gongoni anaujua mchezo huu. Mkulima wa chumvi akifungua lango la tuta wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, maji yanaingia shambani. Akilifungua lango lilelile maji ya bahari yakiwa yamekupwa na shamba limejaa, maji yanatoka. Lango ni moja na mkono unaolifungua ni mmoja. Kinachoamua ni kina cha maji ndani na nje, basi. Kwenye seli ya neva, kina hicho ni kiasi cha kloridi kilichomo ndani kikilinganishwa na umeme wa seli. Kloridi ikiwa kidogo ndani, GABA ikifungua tundu kloridi inaingia na seli inatulia. Ikiwa imerundikana ndani, tundu likifunguka kloridi inatoka, chaji hasi inapungua ndani, na seli inasogea karibu na kulipuka.

Panya wa Paris na jibu la Helsinki

Mwaka 1989 kundi la watafiti lililokuwa Paris, akiwemo Yehezkel Ben-Ari na Enrico Cherubini, lilichapisha vipimo vya umeme vilivyofanywa kwenye vipande vyembamba vya ubongo wa panya wachanga. Walipima hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Katika siku za mwanzo za maisha ya panya hao waliona mawimbi makubwa ya umeme yanayojirudia yenyewe, yakiamsha seli nyingi kwa pamoja. Walipoweka kemikali inayoziba vipokezi vya GABA, mawimbi yalikoma. Kwa panya mkubwa, kuziba GABA kunaleta degedege. Kwa hawa wadogo kulileta utulivu. GABA ndiyo iliyokuwa inaziamsha seli, na hali hiyo ilibadilika panya walipokaribia wiki ya pili ya maisha.

Ilichukua miaka kumi kupata protini inayohusika. Mwaka 1999 Claudio Rivera, Kai Kaila na wenzao wa Helsinki, wakishirikiana na John Payne wa Marekani, walionyesha kwamba mabadiliko hayo yanaendana na kuongezeka kwa protini iitwayo KCC2 kwenye utando wa seli za neva. Walipozuia utengenezaji wa KCC2 katika seli zilizokwisha komaa, GABA ilirudia tabia yake ya uchanga.

Namna KCC2 inavyofanya kazi inapendeza ukiitazama kwa karibu. Potasiamu imejaa ndani ya seli kuliko nje, kwa hiyo kila wakati inatafuta njia ya kutoka. KCC2 inaipa njia, kwa sharti moja: kila ioni ya potasiamu inayotoka ifuatane na ioni moja ya kloridi. Potasiamu inapotoka kwa hamu yake yenyewe, inaikokota kloridi nje. Seli yenye KCC2 ya kutosha inabaki na kloridi kidogo ndani, na GABA inakuwa mtulizaji.

Kabla KCC2 haijashika hatamu, protini nyingine ndiyo inayotawala. Inaitwa NKCC1, nayo inatumia sodiamu, ambayo imejaa nje na inatafuta njia ya kuingia. Kila ioni moja ya sodiamu inaingia na potasiamu moja na kloridi mbili. Seli changa yenye NKCC1 nyingi na KCC2 haba inajirundikia kloridi bila kukoma. Kwa hiyo ukuaji tunaouzungumzia hapa, kwa sehemu kubwa, ni mwendo wa mizani kati ya hizi mbili: moja inapungua nguvu, nyingine inapanda.

Mpando huo hauji mahali pote kwa wakati mmoja, na hili ni jambo ninaloomba msomaji alishike vizuri kwa sababu tutalirudia wodini. Uti wa mgongo na shina la ubongo hupata KCC2 mapema. Ni lazima iwe hivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walitengeneza panya wasio na jeni ya KCC2 kabisa, na panya hao walikufa mara tu baada ya kuzaliwa kwa sababu hawakuweza kupumua. Mtandao wa neva unaoamuru mbavu zipande na kushuka unahitaji GABA na ndugu yake glisini watulize kwa zamu, upande huu ukikaza upande ule ulegee. Gamba la ubongo, lile la juu lenye mikunjo, linachelewa. Kwa panya linachelewa hadi baada ya kuzaliwa. Kwa binadamu, vipimo vya tishu vinaonyesha KCC2 ikianza kupanda kabla ya mimba kufika mwisho na kuendelea kupanda baada ya kuzaliwa, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 na aliyezaliwa wiki ya 40 hawafanani hata kidogo katika jambo hili.

Tena haitoshi protini kuwepo. KCC2 inaweza kuwa ndani ya seli na isiwe kwenye utando, au ikawa kwenye utando na isifanye kazi. Seli inaiwasha na kuizima kwa kuipachika na kuiondolea fosfati, kijikemikali chenye fosforasi na oksijeni, kwenye sehemu maalumu za mnyororo wake. Fosfati ikikaa mahali pamoja, KCC2 inatulia vizuri kwenye utando. Ikikaa pengine, inazimwa. Kadiri ubongo unavyokomaa, zile fosfati za kuzima zinaondolewa. Utaratibu huu wa haraka ndio unaofanya mambo yaweze kuharibika ndani ya saa chache, na si kwa miezi.

Seli changa inafaidi nini kwa kuamshwa

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwili ujiwekee hatari hiyo. Jibu ni kwamba seli changa inahitaji kuamshwa ili ikue. Kloridi inapotoka na umeme wa seli ukapanda, milango ya kalsiamu inafunguka, na kalsiamu ikiingia inawasha jeni za ukuaji: matawi ya seli yanarefuka, miunganiko na seli nyingine inajengwa. Miunganiko ya GABA hutangulia kujengwa kabla ya ile ya glutameti, kemikali kuu ya kuamsha. Pale ambapo glutameti bado haijawa tayari, GABA inashika nafasi yake. Watafiti walipowalazimisha panya wachanga wapoteze mwamsho huo wa GABA mapema kuliko kawaida, seli za gamba la ubongo zilikua na matawi mafupi na machache.

Kuna kipokezi cha glutameti kinachoonyesha ushirikiano huu vizuri, kiitwacho NMDA. Tundu lake limezibwa na ioni ya magnesiamu, na magnesiamu haiondoki mpaka umeme wa seli upande kwanza. Katika seli changa, miunganiko mingi ina NMDA peke yake. Glutameti inafika, inagonga, na hakuna kinachotokea kwa sababu magnesiamu bado imekaa. GABA inapopandisha umeme wa seli, magnesiamu inatoka na NMDA inaweza kufanya kazi.

NMDA yenyewe nayo inabadilishwa vipande. Mwanzoni inajengwa zaidi na kipande kiitwacho GluN2B, kinachofunga taratibu na kuruhusu kalsiamu nyingi. Baadaye kipande cha GluN2A kinachukua nafasi, na mlango unafunga haraka. Hannah Monyer na Peter Seeburg walieleza mabadiliko haya kwa panya mwaka 1994. Miaka mitano baadaye ikaonekana kwamba yanasukumwa pia na anachokipata kiumbe duniani: panya waliolelewa gizani walichelewa kupata GluN2A katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, na walipotolewa kwenye mwanga protini hiyo iliongezeka ndani ya saa chache. Nataja hili kwa kifupi, lakini lina uzito kwa habari ya degedege. Mtoto mchanga ana milango ya kuamsha inayokaa wazi muda mrefu, na wakati huohuo breki yake haijakamilika. Ndiyo maana degedege ni la kawaida zaidi katika mwezi wa kwanza kuliko wakati mwingine wowote wa utoto.

Hapa lazima niseme pia kwamba picha ya GABA kama mwamshaji haikupokelewa bila ubishi. Vipande vya ubongo vilivyokatwa maabara vimejeruhiwa, na seli iliyojeruhiwa hurundika kloridi. Wengine wakauliza kama Paris walipima uchanga au jeraha. Vipimo vilivyofuata, vilivyofanywa kwa panya wachanga walio hai, vilionyesha jambo lenye pande mbili: GABA kweli inapandisha umeme wa seli moja moja, lakini katika gamba la ubongo inaweza wakati huohuo kupunguza msisimko wa mtandao mzima. Tundu likiwa wazi, umeme unaoletwa na glutameti unavujia hapo kabla haujafika kiwango cha kulipua seli. Naona hoja hii ina nguvu, na inaeleza kwa nini fenobabitoni haifanyi degedege la watoto wote kuwa baya zaidi. Kwa mtoto mchanga breki ipo, ila ni nyembamba, na inatoweka kloridi ikizidi.

Mtoto aliyekosa hewa

Sasa turudi kwa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Nimesema KCC2 inaikokota kloridi nje kwa kutumia hamu ya potasiamu ya kutoka. Lakini potasiamu haikujaa ndani yenyewe. Imejazwa na pampu ya sodiamu na potasiamu, inayofanya kazi usiku na mchana kwa kutumia nishati, na nishati hiyo inatoka kwenye sukari na oksijeni. Oksijeni ikikatika, pampu inapungua nguvu, potasiamu inavuja, na KCC2 inakosa cha kuikokotea kloridi. Glutameti nayo inamwagika ovyo. Kalsiamu inaingia seli kwa wingi, na moja ya matokeo yake ni KCC2 kuondolewa kwenye utando na kuvunjwavunjwa. Seli inaanza kurudi uchangani zaidi ya umri wake.

Degedege lenyewe linaongeza tatizo. Kevin Staley na wenzake wa Boston walionyesha kwa wanyama kwamba kila degedege linapojirudia, kloridi inazidi kurundikana ndani ya seli kupitia NKCC1. Dakika za kwanza GABA bado inatuliza kwa kiasi. Baada ya degedege kujirudia mara nyingi, dawa inayofungua mlango wa kloridi inafungua mlango wa kutokea.

Ndiyo sababu jaribio lililochapishwa mwaka 2020 halinishangazi. Lililinganisha fenobabitoni na levetirasetamu, dawa mpya isiyotegemea GABA, kwa watoto waliokuwa wakifuatiliwa muda wote kwa EEG, kipimo kinachorekodi umeme wa ubongo kupitia vibandiko kichwani. Fenobabitoni ilizuia degedege kwa saa 24 kwa asilimia 80 ya watoto, levetirasetamu kwa asilimia 28 tu. Majaribio haya mawili, la 1999 na la 2020, hayakupima kwa kipimo kimoja, kwa hiyo asilimia 43 na asilimia 80 haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja. Lakini dawa ikitolewa mapema, kloridi haijapata muda wa kurundikana. Mwongozo wa kimataifa wa Shirikisho la Kupambana na Kifafa Duniani uliotolewa mwaka 2023 umeibakiza fenobabitoni kuwa dawa ya kwanza kwa mtoto mchanga, na mzazi anayesoma makala hii asije akaikataa wodini kwa sababu ya haya niliyoeleza. Ninachoeleza ni kwa nini wakati mwingine haitoshi.

Na kabla ya dawa yoyote kuna pumzi. Tanzania ina ushahidi wake katika hili. Wakunga na wauguzi wa hospitali nane nchini walifundishwa kumsaidia mtoto asiyelia ndani ya dakika ya kwanza: kumkausha, kumsugua mgongo, na kama hajapumua, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vimepungua kwa asilimia 47. Ukiutazama utando wa seli unaelewa kwa nini dakika moja ina thamani hiyo yote: ni dakika ya pampu kuendelea kusukuma.

Dawa iliyoahidi mengi

Kama tatizo ni NKCC1 kujaza kloridi, mbona isizibwe? Dawa ya kuiziba ilikuwepo tayari kwenye makabati ya hospitali. Inaitwa bumetanidi, ni ya kupunguza maji mwilini kwa wagonjwa wa moyo, ndugu wa furosemidi ambayo kila muuguzi anaijua. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba inapunguza degedege kwa panya wachanga. Matumaini yalikuwa makubwa, na hospitali kadhaa za Ulaya zikaanza jaribio kwa watoto waliokosa hewa ambao fenobabitoni ilikuwa haijawasaidia.

Jaribio lilisimamishwa mapema. Watoto 14 walikuwa wameingizwa, dawa haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa, na watoto watatu kati ya 11 waliobaki hai walikutwa na upungufu wa kusikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. NKCC1 haipo kwenye ubongo peke yake. Iko pia kwenye sikio la ndani, ambako inasaidia kutengeneza maji yenye potasiamu nyingi yanayohitajika ili sauti igeuzwe umeme. Tena bumetanidi inapenya kwa shida sana kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo. Jaribio jingine dogo la Boston, lililochapishwa mwaka 2021, liliipa pamoja na fenobabitoni na kuona degedege likipungua zaidi kuliko kwa fenobabitoni pekee. Hata hivyo halikuwa kubwa kiasi cha kubadilisha matibabu, na mwongozo wa 2023 haukuipa bumetanidi nafasi katika dawa za kutumia kwa kawaida.

Sasa watafiti wanaelekea upande wa pili wa mizani: badala ya kuziba NKCC1, kuipa nguvu KCC2 au kuizuia isiondolewe kwenye utando. Kinachowapa moyo ni kwamba KCC2 inapungua pia kwa watu wazima. Imekutwa haba katika tishu zilizotolewa kwa upasuaji kwa wagonjwa wa kifafa kinachoanzia sehemu ya pembeni ya ubongo, karibu na sikio, na kwa panya wenye maumivu sugu yatokanayo na neva kuumia. Mwaka 2015 ziligunduliwa pia familia ambazo watoto wao walirithi jeni mbovu ya KCC2 kutoka kwa wazazi wote wawili, na walipata kifafa kikali kilichoanza katika miezi ya mwanzo. Ugumu upo kwa mtoto mchanga. Kloridi anayoirundika ina kazi yake katika kujenga ubongo, na dawa itakayoikokota nje inapaswa kufanya hivyo kwa saa au siku chache tu, kisha iache ukuaji uendelee.

Mwili wenyewe unajua kufanya kitu cha namna hiyo. Mwaka 2006 kundi la Ben-Ari, likiwa Marseille, liligundua kwamba panya anapozaa, oksitosini ya mama, homoni ileile inayoleta uchungu, inafika kwenye ubongo wa mtoto na kuishusha kloridi kwa muda mfupi. Kwa saa za kuzaliwa, GABA inakuwa mtulizaji. Seli zikitulia zinatumia oksijeni kidogo, na katika vipimo hivyo zilistahimili vizuri zaidi kukosa hewa. Baada ya hapo kloridi inapanda tena. Haya ni ya panya, na hayamwambii mama aliyejifungua kwa upasuaji chochote kuhusu mtoto wake.

Fenobabitoni ikishaingia

Nilisema tutalirudia lile la KCC2 kuwahi sehemu za chini za ubongo na kuchelewa juu. Linaonekana wazi wodini baada ya dawa. Mtoto anachomwa fenobabitoni, miguu inaacha kupiga, midomo inatulia, kila mtu anashusha pumzi. EEG ikiwekwa, kwa baadhi ya watoto mistari inaonyesha degedege linaendelea kwenye gamba la ubongo. Mwaka 2009 Staley na Joseph Glykys walipima kloridi kwa panya wachanga, wakakuta seli za gamba zina kloridi nyingi kuliko seli za thalamasi, iliyo chini yake. Dawa iliweza kutuliza thalamasi na kushindwa kutuliza gamba. Njia ya kupeleka mtikisiko kwenye mikono na miguu imekatwa, na chanzo bado kinawaka.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazina EEG ya kuweka kichwani mwa mtoto mchanga usiku kucha. Kwa hiyo saa zinazofuata dawa ni za macho na mikono. Mtoto aliyeacha kutikisika anaendelea kutazamwa kama ana vipindi vya kuacha kupumua, kama oksijeni inashuka ghafla kwenye mashine ya kidole, kama mapigo yanaruka bila sababu, kama macho yanaganda upande mmoja. Mkono unaotetemeka unashikwa taratibu: mtetemo wa kawaida wa mtoto mchanga unaisha ukiushika, wa degedege unaendelea ndani ya kiganja chako. Sukari inapimwa tena. Na mzazi aliye na simu anaweza kurekodi anachokiona na kumwonyesha daktari wa zamu, kwa sababu degedege la umri huu huchukua dakika moja au mbili, na aghalabu limekwisha kabla daktari hajafika kitandani.